Saa Kumi na Mbili Mjini Vienna

Ndege yetu kutoka Addis Ababa ilitua Vienna, mji mkuu wa Austria, saa kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi ya mwezi wa Julai. Ile ya kutufikisha Stockholm ilikuwa iondoke saa kumi na mbili jioni. Nilifuatana na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 63, anayekwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa dada yangu. Fedha zetu zilikuwa za kuhesabu. Katika mkoba wa mama mlikuwa na tende na visheti.

Mimi niliazimia tuketi uwanjani mpaka jioni. Nilihofia kupotea, nilihofia gharama na, niseme kweli, nilihofia macho ya watu juu ya buibui la mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mjukuu wangu atakulia huku. Nami maisha yangu yote naambiwa huku hakuna dini. Niache nikaone."

Sikuwa na jibu. Pasipoti zetu zilikuwa na viza ya Schengen, kwa kuwa mwisho wa safari yetu ulikuwa Sweden. Msafiri asiyekuwa nayo asijaribu. Hataruhusiwa kutoka nje ya uwanja.

Kutoka uwanjani kuna treni ya haraka inayofika mjini kwa dakika 16. Tukaiacha, tukapanda treni ya kawaida, S7, ambayo huchukua kama dakika 25 na nauli yake haifiki nusu ya ile. Tuliposhuka kituo cha Wien Mitte tukakata tiketi ya siku, inayokubalika katika treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi ya mji mzima. Maji hatukununua. Vienna huletewa maji ya chemchemi kutoka milima ya Alps kwa mifereji miwili mikuu, wa kwanza wa mwaka 1873 na wa pili wa mwaka 1910, na mabomba ya kunywea bure yametapakaa mitaani. Mama alijaza chupa, akaonja, akasema: "Haya ni maji ya mtungi."

Tukatembea polepole mpaka kanisa la Mtakatifu Stefano, ambalo mnara wake una urefu wa mita 136. Kengele yake kuu, Pummerin, ilisubiwa kwanza mwaka 1711 kwa shaba ya mizinga iliyoachwa na jeshi la Waturuki, lililouzingira mji huu mwaka 1683 likashindwa. Iliharibika katika moto wa mwaka 1945, na vipande vyake vikatumiwa kusubu hii ya leo. Nilipomweleza mama habari hizo alinyamaza. Nikahisi kwamba hofu aliyotoka nayo nyumbani imezidi.

Lakini historia ya mji huo haikuishia kwenye mizinga. Austria iliikalia Bosnia mwaka 1878, ikaitwaa kabisa mwaka 1908, na hivyo ikajikuta inatawala Waislamu wengi. Mwaka 1912, enzi ya Mfalme Franz Joseph, ikatungwa sheria ya kuitambua dini ya Kiislamu kwa wafuasi wa madhehebu ya Hanafi. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100, hadi ilipobadilishwa mwaka 2015. Na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watoto wa Kiislamu nchini humo husomeshwa dini yao katika shule za serikali.

Kutoka kanisani tulishuka hadi Schwedenplatz, tukapanda treni ya U4 mpaka Spittelau, kisha U6, inayovuka mto Danube kwa daraja. Ng'ambo ya pili, kituo cha Neue Donau, mama alinishika mkono kabla sijasema neno. Mbele yetu kulikuwa na kuba na mnara mweupe. Huo ni msikiti wa Kituo cha Kiislamu cha Vienna, uliofunguliwa mwaka 1979 na kujengwa kwa msaada wa Mfalme Faisal wa Saudi Arabia. Mnara wake una mita 32.

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta ndani. Kwa kuwa tulisali nyuma ya imamu mkaazi, tulitimiza rakaa nne; kisha sisi wasafiri tukaikusanya Alasiri, tukaipunguza kuwa mbili. Nilipotoka nilimkuta mama uani, ameketi na bibi mmoja wa Kibosnia. Hawakuwa na lugha ya pamoja zaidi ya salamu na hamdu. Kati yao palikuwa na visheti vyetu, na mjukuu wa yule bibi, binti mdogo, alikuwa akimsomea mama Suratul Ikhlas. Alipokosea kidogo, mama alimrekebisha, naye akarudia.

Saa nane tulikwenda ukingoni mwa Danube, tukala tende kivulini. Mama aliutazama mto kwa muda mrefu. "Kumbe misikiti ipo," akasema. "Lililobaki ni nani atakayemshika mtoto mkono ampeleke." Kisha akanitaka nimpigie dada simu, nimuulize msikiti wa karibu na nyumba yake uko wapi. Dada alisita kujibu. Mama akaichukua simu, naye hakumlaumu. Alimwambia tu: "Tukifika, tutautafuta sote."

Kutoka hapo ni kituo kimoja tu hadi Handelskai, na S7 ikaturudisha uwanjani kabla ya saa kumi. Gharama yetu ilikuwa tiketi tu.

Ndugu msomaji, ukipata siku kama hiyo, hesabu saa zako vizuri, jiwekee saa mbili au tatu za kurudi, ujue mapema msikiti ulipo, kisha utoke. Mwenyezi Mungu amewataka waja wake watembee katika ardhi na watazame. Mimi nilitaka kuketi uwanjani. Aliyenifungulia mlango ni mama. Mwenyezi Mungu ampe umri na afya, na amjaalie mjukuu wake awe mwenye kusimamisha Sala. Amin.