Muziki Nauweka Sifuri

Kwenye Silent Hunter III, gemu ya mwaka 2005 inayokupa unahodha wa nyambizi ya Kijerumani, ukishazama kabisa huoni kitu. Unabaki na hedifoni, unatafuta mlio wa propela ya meli kwa mbali. Muziki ukipanda, propela inapotea. Ndiyo maana mimi muziki nauweka sifuri, injini chini, sauti za majini juu kabisa.

Washkaji zangu hapa Mwanza wanasema naua utamu: bila muziki, hofu itoke wapi?

Jamani, sisi ni watu wa ziwa hili. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka ikikaribia kufika Mwanza, mamia wakafa. Haikuzama mara moja. Waliokwama ndani walisikika wakigonga chuma. Likatobolewa tundu ili waokolewe. Hewa iliyokuwa ikiielesha meli ikatoka, ikazama nao.

Mgongo ule haukuhitaji fidla nyuma yake. Muziki wa gemu huniambia sasa ogopa, sasa tulia. Ukimya unaniachia kazi ngumu zaidi: kusikiliza kama kuna mtu.