Shamba Lisiuzwe Kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Rufaa ya mama yako kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imeshatoka, na nasikia umeanza kulitafutia mteja shamba la Ikungi. Msimamishe huyo mteja.

Saratani ya mlango wa kizazi, kama hiyo yake, ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini, na familia nyingi hupita njia ile ile: ng'ombe huuzwa, shamba likafuata, kisha kijana akachukua mkopo wa kausha damu kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyofanya kazi bila leseni. Mwenye mgonjwa wodini hana utulivu wa kusoma masharti yao.

Wewe una njia nyingine. Mwalimu wa serikali kama wewe hukatwa asilimia 3 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), mwajiri naye akachangia 3. Kadi ya mfuko huo humhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne, na mzazi anaruhusiwa. Walimu wengi huandikisha watoto tu, mama mzazi akabaki nje. Kinachohitajika ni makaratasi, kikiwamo cheti cha kuzaliwa cha mwanachama chenye jina la mama. Na hospitali binafsi iulizwe mapema kama inapokea kadi: Machi 2024, kitita kipya cha NHIF kilipoanza, baadhi ya hospitali hizo zilisitisha kuwahudumia wanachama.

Kadi ikichelewa, upo msamaha wa gharama. Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali mwaka 1993, wasiojiweza waliwekewa utaratibu wao, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wamo. Tatizo ni kwamba ndugu huenda ustawi wa jamii siku ya kuruhusiwa, bili imeshapanda. Afisa ustawi aonwe siku ya kwanza, akabidhiwe barua ya mtendaji wa kijiji inayoeleza umri wa mgonjwa na hali yake ya kipato. Asiposamehewa yote, aombewe kupunguziwa au kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yaandikwe.

Bili nayo isomwe. Jirani yetu mmoja aliomba mchanganuo wa bili ya mumewe, akakaa nao kwenye benchi nje ya dirisha la mhasibu, kalamu mkononi. Zimeandikwa dripu sita. Daftari lake lilionyesha nne. Kipimo kimoja cha damu kimeingizwa mara mbili. Mhasibu aliangalia faili, akafuta. Watu huona aibu kuuliza, wakihofia kumuudhi muuguzi, lakini hakuna adabu inayomtaka mtu alipie dripu ambayo mgonjwa wake hakuwekewa.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye bili. Mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa, na mgonjwa wa mkoani asiyelazwa lazima apate pa kulala Dar es Salaam, ale, apande gari kila asubuhi. Kadi ya bima hailipii hayo. Michango ya ukoo iende huko. Shangazi yako wa Mbagala ana chumba, nimeshaongea naye.

Barua ya mtendaji nitaifuatilia mimi Jumatatu. Wewe siku hiyo hiyo peleka fomu ya NHIF kwa mwajiri wako, na anayelitaka shamba mwambie haliuzwi.

Mjomba wako