Daftari la koili mbili

Jumatatu, 7 Aprili 2025, Dar es Salaam
Mvua tangu alfajiri. Jirani yangu, dereva wa bajaji ya umeme, alinikuta barazani, plagi ya chaja kaizungushia kitambaa. "Shikamoo, Mwalimu. Nikichomeka na maji yote haya, niko salama?" Nikamwambia aisogeze bajaji chini ya bati na akaushe soketi kwanza. Alipomaliza akauliza: eti ni kweli huko nje kuna magari yanaegeshwa tu, yakachaji bila waya? Kweli, nikamjibu. "Sasa umeme unapita wapi?" Nikataja sumaku, nikaona hajaridhika. Anastahili jibu la kushikika. Kesho nalipeleka swali lake kwa wanafunzi wangu karakanani.

Jumanne, 8 Aprili
Nimeanzia kwenye transfoma ya nguzoni, ile ambayo kila mwanafunzi huipita akija chuoni. Ndani yake mna koili mbili zisizogusana, zimezungushwa kwenye chuma kimoja. Mwaka 1831 Michael Faraday alifanya hivyohivyo London kwa pete ya chuma: koili moja kwenye betri, nyingine kwenye kipimo cha umeme. Sindano ilicheza pale tu alipounga au kukata betri. Mkondo ukitulia, sindano nayo inatulia.

Siri yote iko hapo. Umeme wenyewe hauruki. Kinachovuka ni uga wa sumaku, na usipobadilika hauamshi chochote upande wa pili. Kwa gari, chuma cha katikati kimeondolewa: koili moja iko sakafuni, nyingine chini ya gari, na kati yao hewa ya sentimita 10 hadi 25.

Jioni nimepita Kariakoo kwa fundi wa kusuka mota, nikanunua waya wa shaba. Tumesuka koili mbili, mizunguko 15 kila moja, upana sentimita 20.

Alhamisi, 10 Aprili
Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo kwa hezi 50. Polepole mno, kwa pengo la hewa hautoshi. Chaja ya sakafuni huunyoosha kwanza uelekee upande mmoja, kisha huukatakata upya hadi kilohezi 85 hivi, mara 1,700 ya ule wa ukutani. Garini unanyooshwa tena, ndipo unaingia betrini.

Tukaweka kilohezi 85 kwa amplifaya ndogo. Koili ya pili tuliifunga balbu ya indiketa, tukaziachanisha kwa sentimita nane. Giza. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, imegoma." Nikawapa kapasita, nanofaradi 40 kila upande. Walipounga ya pili, balbu ikawaka nyeupe, peke yake juu ya meza, haina waya unaoelekea kwenye umeme. Darasa zima likanyamaza.

Nikawauliza: daladala likikwama topeni mnalitoaje? Wakajibu wote: linayumbishwa mbele na nyuma, likirudi tunasukuma kwa pamoja, mpaka linapanda. Ukisukuma bila kufuata mwendo wake, unachoka bure. Kapasita na koili huyumbishana umeme kwa mwendo wao wenyewe, na sisi tulisukuma kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana nguvu ilivuka pengo ambalo mwanzoni ilishindwa kulivuka. Mwaka 2007 watafiti wa MIT, Marekani, wakiongozwa na Marin Soljačić, waliwasha hivyo balbu ya wati 60 kwa zaidi ya mita mbili.

Jumatatu, 14 Aprili
Leo tumetafuta udhaifu. Binti wa mwaka wa pili aliisogeza koili ya juu pembeni, taratibu. Kwa sentimita tano mwanga ulipungua, kwa kumi ukabaki mwekundu kama kaa linalozimika. Kwa hiyo dereva lazima aegeshe kwa shabaha. Kiwango cha kuchaji magari bila waya, SAE J2954, kinaruhusu gari kukosea sentimita 10 upande na 7.5 mbele au nyuma. Likikaa sawa, hadi asilimia 94 ya umeme unaotoka kwenye gridi hufika betrini.

Kisha akapitisha mfuniko wa sufuria katikati ya koili. Balbu ikazimika papo hapo. Aluminiamu iliamsha mikondo yake yenyewe, ikaukinga uga. Ndiyo sababu bamba la aluminiamu huwekwa juu ya koili ya gari, likilinda chuma cha bodi, na chini yake feraiti, zile fito nyeusi za redio za zamani, huuelekeza uga mahali pake. Ila kwa chaja ya gari ya kilowati 11, kopo la soda lililosahauliwa sakafuni litapata moto mkali. Chaja inayojali watu huwa na vihisi: ikigundua chuma au paka aliyelala chini ya gari, inakata umeme. Nimewaandikia ubaoni: bila kihisi, usiwashe.

Jumatano, 16 Aprili
Nimefikiria ni wapi kitu hiki kinafaa kweli. Gumi, Korea Kusini, mwaka 2013 mabasi yalianza kuchaji yakitembea, kwa koili zilizofukiwa barabarani, zilizoamka basi lilipofika juu yake. Milton Keynes, Uingereza, mwaka 2014 mabasi manane yalipewa mabamba kwenye vituo vya mwisho wa njia. Kama dakika kumi za dereva kupumzika zilitosha kurudisha sehemu kubwa ya umeme uliotumika.

Somo ni hilo la vituo. Basi hurudi palepale kila siku, husimama kwa muda unaojulikana, na dereva wake amezoea kulenga. Siku mabasi yetu ya mwendokasi yatakapokuwa ya umeme, vituo vya mwisho vya Kimara na Kivukoni ndipo pa kuanzia, kwa sababu hata masika yakipiga hakuna atakayeshika plagi iliyolowa. Kwa bajaji moja uani, gharama bado haifai.

Jioni nimemwonyesha jirani balbu ikiwaka. Akapitisha kiganja kwenye pengo la koili zetu ndogo, akasema, "Kumbe kinachovuka si umeme." Nimemfungia soketi ya nje yenye kifuniko cha kuzuia maji na swichi inayokata umeme ukivuja. Kwa sasa, hiyo ndiyo anayoihitaji.