Kubariki Kunakolaani: Kitenzi Barakh katika Kitabu cha Ayubu

Kitenzi cha Kiebrania barakh, chenye udugu na neno la Kiarabu lililowapa Waswahili baraka, aghalabu hufasiriwa kwa wepesi: kubariki. Mzizi wake hufungamana pia na goti. Katika Mwanzo 24:11 mtumishi wa Ibrahimu anawapigisha ngamia magoti kisimani. Iwapo maana hizo ni za asili moja au zimekutana kwa sadfa ya sauti tu, wataalamu hawajaafikiana.

Suala zito zaidi limo katika sura 2 za mwanzo za Kitabu cha Ayubu, ambamo kitenzi hiki chatokea mara 6. Mara 2 ni baraka halisi (1:10 na 1:21). Katika mara 4 zilizosalia (1:5, 1:11, 2:5, 2:9) muktadha wadai kinyume chake: kulaani. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hii ni tasfida. Mwandishi, au mnakili aliyemfuata, alichelea kuliweka tusi kando ya jina la Mungu. Nabothi naye, katika 1 Wafalme 21, alipigwa mawe hadi akafa kwa shtaka lililoandikwa kwa kitenzi hikihiki.

Maelezo hayo yana ukweli, ila hayamtoshelezi mhakiki. Shetani ashikilia kwamba Ayubu, akinyang'anywa mali, "atambariki" Mungu usoni pake. Ayubu anapoteza mali na watoto 10, kisha, katika 1:21, analibariki jina la Mungu. Kwa herufi, Shetani amepata alichokitabiri. Kwa maana, ameshindwa vibaya. Kinaya hicho chafutika pindi tafsiri inapotumia vitenzi viwili mbalimbali, na yamkini hakuna mfasiri awezaye kukwepa hasara hiyo.

Ndipo lije tamko la mkewe, tamko lake pekee katika matini ya Kiebrania: ambariki Mungu, afe. Septuaginta ya Kiyunani inampa hotuba ndefu, halafu yakwepa kitenzi chenyewe na kumtaka mumewe aseme neno fulani kwa Bwana. Vulgata ya Kilatini yabakisha kubariki. Biblia ya Kiswahili ya Union, ya mwaka 1952, yaamua: kukufuru. Augustino alikwisha kumwita msaidizi wa ibilisi, ingawa wale watoto 10 walikuwa wake pia.

Lakini barakh hutumika hata katika kuagana. Yakobo "ambariki" Farao kisha atoka mbele yake (Mwanzo 47:10). Kiswahili, ambamo anayefariki husemwa ameaga dunia, kingeweza kumsikia mama huyu akimwambia mumewe amuage Mungu, apumzike. Kuaga, hata hivyo, hakuna laana ndani yake, na laana haiwezi kuondolewa kabisa katika kauli hiyo. Ayubu mwenyewe, katika 2:10, hamwiti mkewe mpumbavu. Asema tu kwamba anena kama mmoja wa wanawake wapumbavu.