Kwa Mpwa Wangu Aliyeinukiwa Kiti

Makunduchi, Unguja

Mpwa wangu mpenzi,

Nimekaa kukuandikia kwa sababu maneno uliyonambia kwenye simu hayajanitoka. Ulisema binti wa shule alikuinukia kiti kwenye basi la mwendokasi, akakwambia "kaa, baba," na wewe kwa kukosa raha ukashuka kituo kisicho chako. Ukanieleza na habari ya piko unayoitia ndevuni ili mvi zisionekane ofisini. Wewe umevuka arobaini juzi tu. Mimi nimeshavuka sabini, na njia unayoianza nimeipita karibu yote, basi nisikilize.

Mtu hajioni anazeeka. Hata leo nikiamka alfajiri, kabla sijanyanyuka kitandani, nafsi yangu ni ya kijana. Wanaokuona ni wenzako, na aghalabu hawakwambii kwa maneno. Utajua kwa wanavyokutendea. Msikitini kwetu nilianza kuchelewa kuinuka kutoka sijda, nikidhani hakuna aliyeona. Ijumaa moja nikakuta kijana kaniwekea kiti cha plastiki pembeni ya safu ya mbele, na mwenyewe kesharudi safu ya nyuma. Makaburini nako, miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wanaoingia shimoni kuchimba. Siku moja nilinyoosha mkono nipokee jembe, likapita mbele yangu akapewa mwengine, nami nikatandikiwa mkeka chini ya mwembe walipokaa wazee. Wote waliokuwa pale walijua mahali pangu ni wapi isipokuwa mimi.

Na Mwaka Kogwa unaujua. Kila Julai wanaume wa pande mbili wanateremka uwanjani na magogo ya migomba, wanapigana mpaka waliyowekeana moyoni mwaka mzima yaishe, na wanawake wamevaa vizuri wanaimba, kisha kibanda cha makuti kinatiwa moto. Mimi nilikuwa wa mbele katika watu wa upande wetu. Mwaka mmoja akanijia kijana wa upande wa pili, kifua wazi, gogo juu. Alipofika kwangu akaliteremsha, akasema "shikamoo," akanizunguka akaenda kumtafuta wa rika lake. Nilisimama pale katikati ya uwanja, watu wanapigana kulia na kushoto, na hapana aliyenigusa. Moyo uliniuma, sikufichi. Lakini yule kijana alifanya jambo la haki, na laiti angenipiga ningelia kwa sababu nyengine.

Mjini utapata dalili za namna nyengine. Nilimwambia kijana wa bodaboda anipeleke Majestic. Akanitazama. Nikamwambia, Vuga, karibu na mahakama. Hapo akajua. Sinema ambayo kwetu sisi ilikuwa ndiyo alama ya mji, kwake ni jina tupu. Sikumlaumu, maana nimeitazama hesabu yenyewe: sensa ya 1967 ilituhesabu Unguja na Pemba watu 354,000 na kidogo, na ya 2022 ikakuta 1,889,773. Hata tukichukulia kwamba hakufa hata mmoja wa wale wa mwanzo, na unajua tulivyowazika, bado katika kila watu watano wa leo wanne hawakuwepo mwaka ule. Ninaposema "pale palipokuwa na kadha," nazungumza na watu ambao hawakupaona. Ndiyo maana wazee wanarudia hadithi zao. Usiwakatize.

Mambo ya mwili sitayarefusha, ila nakuhusia mawili. La kwanza macho. Utaona unausogeza msahafu mbali kidogo, kisha mbali zaidi, mpaka mkono unakwisha urefu. Hiyo si maradhi. Lenzi ya jicho inakakamaa polepole tangu ujanani, na mtu akishapita arobaini haiwezi tena kujirekebisha vizuri kwa vitu vya karibu. Lakini usinunue miwani ya barabarani ukatosheka. Nenda ukapimwe na daktari wa macho, akutazame na presha ya macho, kwa sababu ile haiumi. Inakula uoni wa pembeni kidogo kidogo, na ulioliwa haurudi. La pili ni presha ya damu na sukari, ambazo nazo zinaweza kukaa na mtu miaka bila ya kumuuma popote. Babu yako mzaa mama alianguka shambani akiwa anajiita mzima. Kipimo cha presha hakichukui hata dakika tano. Fanya mwezi huu, kisha unipigie uniambie umekuta nini.

Sasa nikwambie siku niliyojua hasa kwamba nimekuwa mzee, maana hayo yote niliyokutajia bado nilikuwa nayapitisha tu.

Walikuja nyumbani vijana wawili wa ukoo wetu, watoto wa ndugu, hawasemezani vizuri. Walitaka kujua ule mbuyu ulio nyuma ya kisima cha zamani uko upande gani wa mpaka, na minazi iliyo kando yake ilipandwa na nani. Wewe umekulia Dar es Salaam, huenda jambo hili hulijui: huku kwetu ardhi ina wenyewe na mti una mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na minazi yake katika kiambo cha watu wengine, akairithisha watoto wake, na pasiwe na karatasi hata moja. Mpaka ni mbuyu, ni jiwe, ni kisima, na ushahidi wake ni kinywa cha mtu mzima. Zamani halikuwa jambo zito. Upande wa maweni tulikuwa tukichungia mbuzi na kukata kuni, nani angegombania mawe? Lakini hoteli zimeshuka pwani yote ya mashariki, kutoka Paje, zikaja Jambiani, na sasa wageni wanauliza bei mpaka za huku kwetu. Mawe yamekuwa mali, na ndugu wameanza kuulizana ya babu zao.

Mdomo nilishaufungua niwaambie, nendeni kwa bibi yetu wa Kijini, yeye ndiye anayejua. Nikakumbuka tumemzika. Nikamfikiria kaka yake, naye pia. Wa tatu nililitaja na jina lake kwa sauti, na wale vijana wakatazamana, kwa sababu walikuwepo matangani kwake. Nikakaa kimya muda. Ndipo nikafahamu kwa nini wamekuja kwangu. Hawakuja kwa kuwa najua kuliko wote. Walikuja kwa kuwa hapana mwengine wa kumwendea. Watu ninaowaamkia shikamoo katika Makunduchi yote sasa hawatimizi vidole vya mkono mmoja.

Nikaondoka nao mpaka kwenye mbuyu. Nilichokijua niliwaambia, na kilichobaki nikawaambia sikijui. Lishike hili, kwa sababu siku yako itafika: ukishakuwa mtu wa kuulizwa, neno lako linakatiwa haki. Usikisie ili uonekane unajua. Mnazi mmoja mpaka leo hatujui ni wa nani, na wale ndugu wawili wamekubaliana kugawana nazi zake. Ni bora hivyo kuliko uongo wa mzee.

Sasa turudi kwako. Unapoinukiwa kiti, kaa. Kaa hata kama miguu ina nguvu, umuombee dua yule aliyekuinukia. Kuna mtu alimfunza adabu hiyo kwao, mama au bibi, na amejitahidi kuifanya mbele ya watu, katika gari lililojaa. Ukikunja uso na kushuka, umemfanya aone haya kwa jambo jema, na kesho hatoinuka kwa mtu anayekihitaji kiti kweli, mtu kama mimi. Piko nayo iache. Ukitaka rangi tia hina, imetosha, na mvi zako zitakupa heshima, maana ile ya cheo cha ofisini utanyang'anywa siku ya kustaafu.

Usije ukafanya la kinyume pia, ukajikalia na kudai tu. Nimewaona wa rika langu wanaotaka shikamoo na kiti na sahani ya kwanza, na ukiwauliza jambo la ukoo hawana. Serikali yetu Zanzibar ilianza Aprili 2016 kutoa Pencheni Jamii kwa kila aliyetimiza miaka sabini, awe alikuwa mtumishi, mvuvi au mama wa kukuna nazi, na nilipoandikishwa nilifurahi sana kuona mwanamke aliyelima mwani miaka mingi anapokea sawa na mimi niliyefundisha skuli. Hilo ni deni la nchi kwa wazee wake, na ni haki. Lakini na sisi tuna deni kwa waliotufuata, nalo ni kuwaachia tunayoyajua kabla hatujaondoka nayo.

Wewe bado una wa kuwauliza. Unayo bahati hiyo na unaitumia kuhesabu mvi. Mama yako anawajua wanawake wa ukoo wetu mpaka kwa bibi wa bibi yake, nani aliolewa wapi na nani alirudi, na mimi ninaijua miti. Hakuna kati yetu aliyeandika hata mstari, na mkono wangu siku hizi unatetemeka. Barua hii yenyewe nimeiandika kwa siku kadhaa. Watoto wako hawajui hata makaburi ya wazee wako yako upande gani wa njia.

Basi chukua likizo, upande boti uje, na uwalete wote. Njoo kabla ya Julai. Njoo na daftari kubwa na kalamu mbili. Asubuhi tutatembea mpaka hadi mpaka, mti kwa mti, na jioni utakaa na mama yako uandike majina. Nijibu ni wiki gani, nimwambie akuwekee chumba.

Wasalaam,
Mjomba wako