Mtoto na Raketi: Uingereza na Nyumbani

Raketi ya mtu mzima ina urefu wa sentimita 68 hivi, na mpira wa kawaida wa tenisi ukidunda humpita kichwani mtoto wa miaka mitano. Akipewa vifaa hivyo hukosa na kukosa, mwisho huchoka. Kwa sababu hiyo Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lilianzisha mpango wa Play and Stay mwaka 2007, na tangu 2012 mpira wa kawaida wa njano hauruhusiwi katika mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini.

Nchini Uingereza watoto wa miaka 4 hadi 6 huanzia hatua ya bluu, kisha hupanda nyekundu, chungwa na kijani. Mpira mwekundu, unaotumika hatua nyekundu, huenda polepole kwa takribani asilimia 75 ukilinganishwa na wa njano. Kabla ya kupigiana mpira, mtoto huviringisha mpira wa sponji sakafuni kwa raketi fupi, kisha hupiga puto. Puto hushuka polepole. Mtoto hupata nafasi ya kulitazama, kusogeza miguu, kugeuza kiwiliwili na kulipiga likiwa mbele yake. Likija upande wa kushoto, mkono wa kulia hulazimika kuvuka mwili kulifuata, na hapo ndipo penye kazi kubwa kwa umri huo.

Tanzania raketi bado ni kitu cha klabu. Mtaani kuna mchezo wa rede: wawili wanarusha mpira wa soksi, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Anajifunza kugeuka ghafla, kupima kasi ya mpira na kutuliza vidole akiwa na haraka. Kwa hayo, mtoto wa Temeke hana cha kumwonea wivu mwenzake wa Leicester. Anachokosa ni kupiga kwa kifaa.

Pengo hilo linazibika kwa gharama ndogo. Seremala akate kibao chepesi chenye mpini mfupi. Kamba ya kuanikia nguo ifungwe sentimita 80 kutoka chini iwe wavu. Mipira ya tenisi iliyochakaa, ambayo klabu huitupa, hudunda kidogo, na ndiyo inayomfaa mtoto kuliko mipya. Ndugu walio ughaibuni wanaotuma vifaa vya michezo shuleni watume mipira myekundu na raketi fupi, si raketi kubwa walizoacha kuzitumia.