GAMBIA: INCHI NYEMBAMBA KANDO YA MUTO

Fungueni karte ya Afrika, mutazame upande wa mangaribi, karibu na Dakar. Mutaona inchi moja nyembamba sana, imezungukwa na Senegal pande zote isipokuwa upande wa bahari. Ndiyo Gambia. Tusipohesabu visiwa, hakuna inchi ndogo kuipita katika Afrika nzima. Urefu wake unapita kilometa 300, lakini upana wake haufike hata 50.

Juu ya nini iko na umbo kama lile? Juu ya muto. Muto Gambia unatoka katika milima ya Guinea, unashuka mupaka ku bahari. Waingereza walitaka muto kwa biashara yao, Wafaransa walitaka inchi ya kandokando. Tarehe 10 Agosti 1889, kule Paris, wakapatana: karibu kilometa 10 kila upande wa muto kwa Waingereza, inayobaki kwa Wafaransa. Wenyeji hawakuulizwa.

Muto ule ulikwisha kuona machozi. Pale unapokaribia bahari kuna kisiwa kidogo chenye boma la zamani. Watumwa walifungwa mule mbele ya kupelekwa Amerika. Tangu 2011 kinaitwa kisiwa cha Kunta Kinteh.

Wamandinka, Wafula, Wawolof na Wajola wako Gambia, na wako vilevile Senegal. Ndugu wa jamaa moja, mumoja anasoma kwa kiingereza, mwingine kwa kifaransa. Lakini nyumbani wanasemezana luga yao, wanakula wali na mchuzi wa karanga, na siku ya arusi muimbaji anapiga kora, kinanda cha kamba 21, akitaja majina ya mababu. Sisi wa Katanga tunafahamu neno hili: Walamba wako huku, wako na kule Zambia, na mupaka unapita katikati.

Gambia ilipata uhuru tarehe 18 Februari 1965. Mwaka 1982 iliungana na Senegal, jina likawa Senegambia, lakini kufika 1989 muungano ule ukavunjika. Na shida ya muto ikabaki. Mutu wa Dakar mwenye kwenda Ziguinchor, kusini mwa Senegal, alipashwa kuvuka Gambia ao kuzunguka mbali sana. Pale Farafenni makamio yalipanga mustari kungoja mashua ya kuvusha, mara ingine siku nzima, mara ingine siku nyingi.

Mwezi wa Januari 2019 daraja likafunguliwa pale. Makaratasi ya wakubwa hayakudumu hata miaka kumi. Lakini kwa daraja lile mama anapita na vitu vyake vya soko, na mutoto anakwenda kusalimia nyanya yake.

Vijana, mupaka ulichorwa kwa kalamu. Undugu haukuchorwa na mutu. Na ninyi, muko na ndugu ngambo ya mupaka? Muliwasalimia mara ya mwisho siku gani?